Bandeji Kwenye Goti Zima

Sehemu ya Saba

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, usijilaumu. Hukukosa kitu kizuri. Msimu huu mzima sijaona kitu kizuri cha kumsimulia mtu, na kama si mhariri kunikalia kooni, ningeshanyamaza zamani.

Kwa wewe mgeni: mimi ni mchua misuli wa klabu kubwa. Mikono yangu inanuka dawa ya kuchua hata ninapokula. Mshambuliaji wetu, yule anayeitwa Kijiko kwa namna anavyoudokoa mpira ukampita kipa juu ya kichwa, ni mume wa mdogo wangu wa kike. Na nilishakueleza siku Mwenyekiti wa klabu alipotuita ofisini mimi na shemeji yangu, akafunga mlango, akasema Kijiko haendi timu ya taifa kwa sababu wiki inayofuata tunacheza na watani wetu wa jadi.

"Ana goti," alisema Mwenyekiti.

"Lipi?" niliuliza.

"Lolote. Chagua wewe."

Nikachagua la kushoto. Nikalifunga bandeji goti lisilo na hata mkwaruzo, likapigwa picha, likatangazwa kwenye redio. Timu ya taifa ikaenda ugenini bila mfungaji, ikala mbili bila. Nchi nzima ikalia. Wiki iliyofuata Kijiko akapona kwa miujiza, akawafunga watani wetu, na nusu ya nchi hiyo hiyo ikacheka.

Wiki jana niliishia siku ya kufunga ligi. Kijiko aliruka, akapiga kichwa, akatupa ubingwa. Kisha akatua kwa mguu wa kulia, na mimi kutoka kwenye benchi nikaliona goti lake likienda upande ambao goti haliendi. Akainuka. Akazunguka uwanja akirukaruka kwa mguu mmoja, meno nje. Mashabiki wakadhani ni mtindo mpya wa kushangilia, wakauiga. Jukwaa zima likaruka kwa mguu mmoja.

Sasa nifuate, kama una tumbo gumu kuliko langu.

*

Jumatatu asubuhi Kijiko alikuwa amelala kwenye kitanda changu cha kuchulia, mguu wa kulia umevimba.

"Taratibu, shemeji."

Nilishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, nikavuta kidogo tu. Goti likaja mbele kama droo iliyotoka kwenye reli yake.

"Kano imekatika," nikamwambia.

"Imekatika au imevutika?"

"Imekatika. Mguu huu unataka kisu cha daktari, na baada ya hapo miezi ya kutulia. Ukiuchezea tena hivi ulivyo, mwanao ataanza kutembea siku moja na wewe kuanza fimbo."

Akacheka. Huyu shemeji yangu hucheka hata msibani.

"Tia barafu, shem."

"Barafu haishoni kano."

"Jumapili tunacheza mechi ya mwisho ya kufuzu. Tukishinda, tumeingia fainali za bara. Na wakala kutoka nje anakuja kuniangalia. Mimi! Umri wangu unaujua. Atakuja lini tena, nikiwa babu?"

Mlango ukafunguka bila hodi. Manukato yakatangulia, Mwenyekiti akafuata.

"Anaendeleaje mtoto wetu?"

"Goti, Mwenyekiti," nikasema.

"Tena?" Akatikisa kichwa kwa huruma ya kuigiza. "Hapana, safari hii goti hatulihitaji. Safari hii aende."

"Mwenyekiti, hili ni la kweli."

"La kweli la kazi gani? Lile la uongo ndilo lililokuwa na faida."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake kwa taulo langu la kazi.

"Sikiliza, fundi," akaendelea. "Akionekana na timu ya taifa, anauzika. Akibaki hapa na goti, ni mzigo wetu sote. Nimeshazungumza na watu wa kambi, utakwenda naye kama mchuaji wake. Utamkanda, na utafunga mdomo. Mdomo nao ni misuli."

Kijiko akacheka tena. Nikaenda kwenye sinki, nikanawa mikono, nikainusa, nikanawa tena. Taulo nikalitupa.

*

Niseme ukweli, si Mwenyekiti peke yake aliyenitia kinyaa. Msimu wetu wote ulikuwa umeoza. Ligi ilisimama kupisha timu ya taifa, halafu timu ya taifa ikakosa wachezaji kwa sababu klabu zilisema zina ligi. Watani wetu walikwenda kucheza kombe la bara wakapigwa sita, wakarudi wakalaumu hali ya hewa. Sisi tulitolewa mapema zaidi yao, nasi tukawacheka wao. Kwenye mechi moja refa alimaliza mpira akiwa anakimbilia gari. Na kila jambo baya lilipotokea, wakubwa walivaa suti, wakakaa nyuma ya maua ya plastiki, wakasema wanajenga timu ya baadaye.

Chama cha soka nacho, baada ya kile kipigo cha ugenini, kilitoa tangazo. Mchezaji atakayethibitika kujifanya mgonjwa ili aikwepe timu ya taifa hatacheza tena maishani, na aliyemtibu atafukuzwa pamoja naye. Nililisoma tangazo lile mara mbili, nikalikunja, nikalitia mfukoni.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hii. Nikifungua mdomo, shemeji anafungiwa. Nikiufunga, anavunjika. Na vyovyote iwavyo, anayelia ni mdogo wangu.

*

Jioni hiyo nilikwenda kwao. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi jezi ya timu ya taifa aliyopanga kuivaa mwenyewe Jumapili, mtoto anatambaa chini ya meza. Mumewe alikuwa hajarudi.

"Kaka, afadhali umekuja. Baba yake huyu tangu juzi anakula amesimama. Ana nini?"

"Akikunja goti linamuuma."

"Lile lile?"

"Hapana. La kulia."

Nilijibu kabla ya kufikiri. Alisimamisha pasi.

"La kulia? Mimi nililikanda la kushoto."

"Ndiyo, la kushoto lilipona."

"Lilipona vizuri sana, kaka. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, mtoto mgongoni. Nilikuwa namshika mkono mpaka msalani. Siku moja nikamkuta jikoni amesimama kwa miguu yote miwili anatafuta sukari, akaniambia anajaribu kama maumivu yamepungua. Na yule daktari wa timu ya taifa aliponipigia simu, nilimwapia kwa uhai wa mwanangu kwamba mguu umevimba. Nilimwapia kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia umevimba."

Nikatazama sakafu. Mtoto alikuwa amefika kwenye kiatu changu, anakivuta kamba.

"Halikuumia," akasema mwenyewe, polepole.

"Mwenyekiti ndiye aliyetulazimisha."

"Mwenyekiti hakuja hapa kunikabidhi beseni. Ulinikabidhi wewe, kaka yangu wa tumbo moja."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda. Wala hakugeuka.

"Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Lakini ninyi hawakuwajua. Ninyi ugonjwa wa uongo mnautangaza redioni, wa kweli ndio mnaouficha."

"Dada, pasi inaunguza."

"Iache iunguze. Nenda kambini ukamwambie daktari. Usiposema wewe, nitasema mimi. Namba yake ninayo."

"Ukisema, mumeo anafungiwa maisha. Mtakula nini?"

"Akikatika mguu tutakula nini?"

 Aliinua pasi, na mgongoni mwa jezi palikuwa na tundu lenye umbo la pasi, kingo nyeusi. Akaikunja vizuri hivyo hivyo ilivyo, akaiweka kabatini kama nguo ya maana. Mtoto akaachia kamba ya kiatu changu, akaanza kulia.

*

Kambini, yule daktari wa timu ya taifa alitungoja mlangoni. Ni mtu mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Kile kipigo cha ugenini alikuwa bado hajakimeza.

"Panda kitandani," akamwamuru Kijiko. "Lete hilo goti maarufu."

Kijiko akanyoosha mguu wa kushoto.

Nilikuwa nimeukanda ule wa kulia na kuutia barafu tangu Jumatatu, uvimbe ukashuka mpaka ukadanganya jicho. Hiyo ni kazi yangu na ninaiweza. Sijawahi kuichukia kama siku ile.

Daktari akalibonya goti la kushoto, akalikunja, akalivuta, akalizungusha. Akampeleka kwenye mashine wakalipiga picha. Akaiinua picha dirishani, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana, daktari," akajibu Kijiko, na alisema kweli tupu.

"Huwezi kusikia. Goti hili halijaumia tangu ulipozaliwa."

Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyelifunga bandeji miezi ile. Mkewe aliniapia kwenye simu mpaka nikamwonea huruma. Sina ushahidi, ila pua ninayo. Siku nitakayompata mtu mmoja wa kukiri, huyu hachezi tena hata mtaani, na wewe hutachua hata paka."

Mguu wa kulia aliupiga kofi tu, kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akageuka kunawa mikono. Hakuwa na habari nao. Alikuwa anautafuta uongo wetu pale tulipouweka, na pale palikuwa pazima.

Nikajikaza.

"Daktari," nikasema, "mimi naona Jumapili umpumzishe."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mmeanza tena! Jamani, ninyi hamchoki? Kamwambie Mwenyekiti wako goti nimeliona kwa macho yangu. Atacheza."

Ningeweza kusema la kulia. Maneno mawili tu. Lakini angeniuliza, na la kushoto je? Uongo wa kwanza ulikuwa umekaa mlangoni, na ukweli haukuwa na pa kupitia.

Tulipotoka nje Kijiko alinipiga bega. "Umeona, shem? Tumepita."

"Tumepita wapi, mpumbavu wewe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtukana tangu alipotuletea posa. Akaniuliza kama barafu bado ipo.

*

Jumapili mchana barabara za kuelekea uwanjani zilikuwa zimejaa watu wanaorukaruka kwa mguu mmoja. Watu wazima na heshima zao. Mama mmoja mnene alikuwa anaruka huku amemshikilia mumewe, wote wanacheka, wamepakwa rangi za bendera mashavuni. Kijiko akawapungia mkono kutoka dirishani mwa basi.

"Wananipenda, shemeji."

"Wanaigiza maumivu yako," nikamwambia.

Uwanja ule vyumba vya kubadilishia nguo viko juu. Kutoka mlangoni unafika kwenye ukumbi mwembamba, halafu ngazi za saruji zinakuteremsha hadi kwenye nyasi. Wakati wa kupanda Kijiko alishika ukuta, akatanguliza mguu wa kushoto kila ngazi, akipiga soga ili watu watazame mdomo wake. Wenzake waliposhuka kupasha misuli, alisema yeye ana desturi ya kupashia ndani. Kocha akamwacha. Mfungaji huachiwa mengi.

Mwenyekiti alikuja kutupa baraka. Alikuwa na mgeni kando yake, yule wakala kutoka nje, mtu mrefu mwenye miwani myeusi aliyemtazama Kijiko kuanzia miguuni, kama watu wanavyomtazama ng'ombe mnadani.

"Mguu wa dhahabu huu," Mwenyekiti akamwambia mgeni, akiugusa ule wa kulia kwa ncha ya kiatu. Nilimwona Kijiko akiuma meno. Alitabasamu akiwa ameyauma.

Wageni wakatoka. Ukafika wakati wa kufunga.

Kazi yangu ina taratibu zake. Kabla ya mechi wachezaji hupita kwangu mmoja mmoja, kila mmoja hunyoosha mguu unaomsumbua, nami naufunga bila kuuliza. Mguu ulionyooshwa ndio unaouma, hakuna mjadala. Niliwafunga mabeki, nikawafunga viungo, maana kambini walishaniachia timu nzima, na mwisho akaja shemeji yangu. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu mikono kifuani.

Kijiko akanitazama usoni. Akanyoosha mguu wa kushoto.

"Wa tahadhari tu, daktari," akasema. "Lile la zamani."

"La zamani!" Daktari akaguna. "Haya, lifunge basi, lizoee uongo wake."

Wenzake wakacheka. Nikachukua bandeji, nikaanza kuizungusha kwenye goti zima. Nililifunga vizuri, maana mikono yangu haijui kufunga vibaya. Pembeni yake goti lililokatika lilikuwa halina hata uzi wa bandeji, limefunikwa na soksi tu iliyovutwa juu. Nilipofika mwisho nikashindwa kuikata bandeji.  Nilijichukia, nikamchukia yeye, nikauchukia na huo mpira wenyewe ambao nimeupenda tangu nikiwa mtoto.

"Shem," akanong'ona, "maliza."

Nikamaliza.

*

Refa akaita. Wachezaji wakapanga mstari kwenye ule ukumbi mwembamba, wapinzani kushoto, wetu kulia. Kelele za uwanjani zilikuwa zinapanda ngazi kutufuata. Saruji ilikuwa inatikisika, na nilijua kwa nini. Huko nje maelfu walikuwa wanaruka kwa mguu mmoja.

Mstari ukaanza kuteremka. Kipa akashuka, mabeki wakashuka. Kijiko alifika kwenye ngazi ya kwanza akasimama. Akainama kama anafunga kamba ya kiatu. Aliyekuwa nyuma yake akampita. Na wa pili akampita.

Nikamkaribia. Hapo ndipo nikamsikia daktari nyuma yangu.

"Wewe mchuaji! Hebu ngoja hapo."

Alikuwa ameshika simu, ameibana kwenye kifua chake, na ile sauti ya mwalimu wa zamu ilikuwa imempotea.

"Mke wa huyu yuko kwenye simu. Analia. Nimemuuliza kuna nini, hataki kuniambia. Anasema kwanza nikuulize wewe swali moja, na nisikilize utakavyonijibu."

"Swali gani?" nikauliza, ingawa nilishalijua.

"Anasema nikuulize, goti lipi?"

Mwisho wa ukumbi Mwenyekiti aligeuza shingo. Mgeni wake akavua miwani. Nilifungua mdomo, na wakati huo huo nikahisi mtu amenishika mkono. Ni Kijiko. Kiganja chake kilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo ambayo daktari hakuisikia, "siwezi kushuka hizi ngazi."

Chini, refa akapuliza filimbi kumwita. Daktari alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu.